Nusu kwa Kila Mkono

1

Tochi ya kupimia ngozi ilianza kunigomea ilipofika mkono wa ishirini na moja.

Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Kengele ya kutoka juani ilikuwa imeshalia na kina mama wote sitini walikuwa ndani ya banda la zahanati ya Mwando wakisubiri zamu. Kazi yenyewe ni nyepesi. Mtu anavua glovu ya manyoya ya kondoo, anakunja mkono wa gauni, analaza mkono mezani. Nagusisha kioo cha tochi kwenye ngozi kwa nusu dakika, kinaandika neno moja: Imepokelewa. Hakinionyeshi kilichosoma. Kilitengenezwa hivyo kusudi, ili mimi tabibu nisijue nani anapaka krimu yenye dawa na nani anapaka krimu tupu. Thelathini hii, thelathini ile. Tyubu zote nyeupe, zote zina namba tu, zote zinanukia sabuni.

Siku hiyo kioo kiliandika: Vipimo vinafanana mno. Kagua kifaa.

Nikafuta kioo kwa pamba. Nikabadilisha betri. Nikagusisha kwenye mkono wangu mwenyewe, mkono ambao haujawahi kupakwa chochote zaidi ya mafuta ya mgando. Imepokelewa. Nikarudi kwenye mkono wa ishirini na moja. Vipimo vinafanana mno.

Mwenye mkono alikuwa Eliwaza, wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, na ndiye anayeongoza kikundi chao cha shambani.

“Wifi, hiyo tochi imezeeka kama mimi,” alisema. “Ipige kofi.”

Wakacheka, ila kicheko kikakatika mapema mno. Nikainua macho. Wanawake sitini walikuwa wanatazama sakafu. Nimezaa na nimelea, najua chumba kinavyonyamaza watoto wakiwa wamevunja kitu. Na tochi haikuwa mbovu. Iliweza kunitofautisha mimi na wao. Ilichoshindwa ni kuwatofautisha wao kwa wao, na wao walitakiwa wawe makundi mawili.

“Mmefanya nini?” niliuliza.

Eliwaza hakuzunguka. Alisema kwamba kwa miezi mitano sasa, kila nikishagawa tyubu za mwezi, kesho yake wanakutana nyumbani kwake. Wanaminya tyubu zote sitini kwenye ile sufuria kubwa ya kupikia ugali wa misibani. Wanakoroga kwa mwiko mpaka rangi inakuwa moja. Kisha wanarudisha ndani ya tyubu kwa bomba la kunyweshea ndama dawa, kila mtu kiasi chake, na kufunga. Alieleza kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeeleza namna ya kuhifadhi mbegu.

“Tulivyofanya ndivyo tunavyofanya siku zote,” alimaliza. “Wewe umeolewa hapa, unajua.”

Nilijua. Mwando mtu halimi peke yake. Kikundi kinalima mistari ya wote, na siku ya kuvuna alizeti zote zinamwagwa kwenye turubai moja, za aliyebahatika pamoja na za aliyeliwa mbegu na ndege, ndipo zinagawanywa sawa. Sijawahi kusikia mtu aliyekataa. Walipoona krimu imekuja ya aina mbili, nzuri na tupu, waliileta kwenye turubai.

2

Kosa lilianzia mdomoni mwangu, kwa hiyo nitalieleza lilivyo.

Ngao ya anga inayozuia ukali wa jua ilipungua miaka kumi na minne iliyopita, baada ya mataifa makubwa kumwaga vumbi la kuipoza dunia bila kujua vumbi lile litakula nini huko juu. Jua linalopita sasa halimwonei haya mtu yeyote, awe mweupe au mweusi. Mjini wanajificha tangu saa tatu mpaka saa kumi. Sisi hatuwezi. Nyuki wameacha kuruka mchana, na ua la alizeti hutoa chavua asubuhi jua likishakaza, halisubiri jioni. Mashine ndogo za kupeperuka zilijaribiwa misimu miwili, zikachana maua. Kwa hiyo wanawake wa Mwando wana vibali vya jua. Kuanzia saa mbili mpaka saa tano wanapita kwenye mistari wakiwa na glovu ya manyoya, wanapangusa ua hili, wanapangusa lile, wanafanya kazi ya nyuki. Mkono mmoja una glovu. Mwingine uko wazi, kwa sababu wa kushika shina lazima uwe mtupu, ukivaa unavunja.

Baada ya miaka kadhaa, kwenye mkono huo, au puani, au sikioni, kinatoka kipele kisichopona. Ni kansa ya kawaida ya ngozi. Ukikiwahi kinakatwa na maisha yanaendelea. Ukichelewa, kinakula. Baba Nalompa, mume wangu, alikatwa sikio, kisha shavu, kisha tukamzika. Mwaka jana nilimshika kichwa binti yetu Nalompa, miaka kumi na minane, akikatwa kipele cha kwanza juu ya pua.

Taasisi iliyoleta krimu ilinichagua mimi kwa kuwa nina stashahada ya utabibu na ninakaa hapa hapa. Nilifundishwa wiki mbili Dodoma. Chembe ya ngozi iliyoharibiwa na jua, walisema, hujificha miaka mingi ikijifanya nzima. Dawa hii inailazimisha ijitangaze, ndipo askari wa mwili wanaiona na kuimaliza kabla haijawa kipele. Vita hiyo inachoma. Na nikakatazwa jambo moja kwa maandishi: nisiwaambie washiriki kwamba kuchoma ni dalili ya dawa, maana wakijua watajua nani anayo.

Mwezi wa kwanza nilimuuliza Nalompa, naye akiwa mshiriki namba thelathini na nne, kama krimu inamchoma. Akasema hapana. Nikamuuliza tena kesho yake, na kesho kutwa. Hapana, mama. Nikajua mwanangu amepewa tupu.

Sikulala vizuri juma lile. Siku ya kupima nikawauliza kina mama mmoja mmoja, wewe inakuchoma, na wewe je, na mmoja akaniuliza kwa nini nauliza sana. Nikajibu hasira ikiwa juu. Nilisema: “Anayechomwa ndiye anayepona.”

Maneno matatu tu. Yalitosha kufikisha tyubu sitini kwenye sufuria.

Na nitasema ukweli. Eliwaza alipomaliza kueleza, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa hasira. Kilikuwa shukrani. Mwanangu aliyepewa tupu amekuwa akipaka nusu dawa miezi mitano, na si mimi niliyeiba.

3

Niliwaruhusu waondoke kupitia njia ya kivuli, nikabaki na tochi.

Kila siku ya kupima, saa kumi na mbili jioni, tochi hutuma vipimo Dodoma. Vikiwa na hitilafu natakiwa nichague sababu na kuweka kidole gumba. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza: Kifaa kibovu. Ya pili: Washiriki hawakufuata utaratibu.

Ya kwanza ingeleta fundi baada ya siku tatu. Angebadilisha tochi, tungepoteza vipimo vya mwezi, na kina mama wangenisikiliza nikiwaambia wachanganye kidogo kidogo, kwa akili, tochi isishtuke. Jaribio lilibakiza miezi kumi na minne. Mikono sitini ingeendelea kupata nusu. Na ile nusu ilikuwa inafanya kazi, niliona kwa macho yangu. Ukoko uliokuwa juu ya kidole cha shahada cha Eliwaza, ambao nilikuwa nimeshauandikia barua ya kukatwa, ulikuwa umekauka na kudondoka.

Ya pili ingefunga kituo. Mkataba ulisema hivyo bila kumung'unya maneno: krimu yote inarudishwa siku inayofuata.

Lakini niliijua hesabu, walinifundisha. Tungeficha, mwisho wa jaribio wangelinganisha thelathini na thelathini na kukuta hakuna tofauti. Mwando ni kituo kimoja kati ya vitano, na vituo vyote ni vidogo. Kimoja tu kikisema krimu yenye dawa na krimu tupu ni sawasawa, dawa inaweza kuonekana haifai. Ingetupwa. Wangetafuta nyingine miaka kumi. Mikono ya watoto ambao leo wanajifunza kutembea ingeingia shambani bila kitu.

Nilifunga zahanati, nikabeba tochi chini ya mkono kwenda nyumbani. Nalompa alikuwa anachambua mchicha kwenye ungo. Nilikaa mbele yake na kumweleza sababu zote mbili, kama ninavyowaeleza ninyi. Hakushangaa sana.

“Bonyeza kifaa kibovu, mama,” alisema.

“Najua unahitaji ile nusu.”

Akaweka ungo chini. Akakunja mkono wa gauni lake mpaka juu ya kiwiko. Yeye huvaa mikono mirefu hata ndani, na siku za kupima hukunja kidogo tu, kioo kipate pa kugusa. Nilidhani ni haya ya wasichana. Ngozi ya mkono wake ilikuwa na mabaka ya zamani, meusi kuliko kwingine, mahali palipowahi kumenyuka na kupona.

“Ilikuwa inakuchoma,” nilisema.

“Kama pilipili. Tangu wiki ya pili.”

“Ukaniambia hapana.”

“Shangazi Eliwaza alikuwa ananiuliza kila jioni. Anapaka, anangoja ichome, haichomi. Ananiuliza, wewe je? Ningemjibuje? Nikasema mimi pia hapana, ili asiwe peke yake.” Akashusha mkono wa gauni. “Nilipomwambia yeye hapana, na wewe nikakwambia hapana. Halafu ukasema yale maneno yako mbele ya watu wote. Nikamtazama shangazi uso. Jioni ile ile ndipo nilipomwomba sufuria.”

Nilimuuliza kama ni yeye aliyeanzisha. Ni yeye. Nilimuuliza kama alijua tyubu yake ilikuwa kamili. Alijua. Nilimwambia basi alikuwa na dawa yote mkononi, akaigawa nusu kwa watu, mtu ambaye tayari amekatwa pua. Sauti yangu haikuwa nzuri.

“Ndiyo, mama,” alisema. “Na kidole cha shangazi kimepona.”



Alinisihi tena nibonyeze kifaa kibovu. Hakutaja pua yake hata mara moja. Aliwataja shangazi, na Anasia mwenye mtoto mchanga, na bibi Ndalu ambaye ana kipele kwenye kope. Mimi nilikuwa namtazama pua. Kovu lilikuwa jembamba, limeshonwa vizuri. Pembeni yake, upande wa kushoto, ngozi ilikuwa imeanza kung'aa kidogo, kama ngozi ya nyanya. Nimeona vipele vingi vinavyoanza hivyo. Yeye hakuwa ameona bado.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi niliwasha tochi juu ya meza ya kulia. Nikachagua ya pili. Sehemu ya maelezo niliandika jina langu kwanza, kisha nilichosema, na siku niliyokisema. Baada ya hapo nikaandika habari za sufuria. Nikaweka kidole gumba.

Nalompa aliinuka na ungo wake akaenda kupika. 

4

Asubuhi Daktari Gunda, msimamizi wetu Dodoma, alitokea kwenye skrini ya zahanati. Ni kijana mpole. Angenifokea ningejisikia nafuu. Alisema vipimo vya Mwando vitaondolewa vyote, vituo vinne vilivyobaki vitaendelea, na kwa kusema mapema nimeliokoa jaribio. Mimi mwenyewe nimesimamishwa mpaka kamati ikae. Ndege ya mizigo ingefika saa kumi na moja jioni kuchukua krimu.

Nilimwambia kuna jambo moja. Wanawake sitini wamepaka nusu kipimo miezi mitano mfululizo, bila kukosa siku, na vipele vinakauka. Hakuna kituo kingine chenye kitu hicho. Njooni muwatazame mikono.

“Tabibu, naamini unachosema,” alijibu. “Lakini hilo si swali tuliloliuliza.”

“Basi liulizeni.”

Akasema ataandika. Kuandika kwao nakujua. Nikamwambia aandike leo.

Saa kumi kina mama walikuja na tyubu. Habari zilikuwa zimeshafika, Mwando haina ukuta. Waliziweka mezani mmoja mmoja bila kunisalimia. Anasia alibusu ya kwake kabla ya kuiachia, akaona aibu, akatoka haraka. Zilifika hamsini na tisa.

Eliwaza aliingia wa mwisho akiwa na sufuria kichwani, tyubu yake imo ndani pamoja na mwiko. Aliitua sakafuni kwa kishindo.

“Mdogo wangu, mumeo, ungemwandika?” aliuliza. “Angekuwa hai, ana hii dawa, ungemwandika?”

“Ningemwandika.”

“Na huyu?” Alimnyooshea kidole Nalompa, aliyekuwa anapanga tyubu kwenye boksi kwa namba.

“Nimemwandika, wifi. Ni namba thelathini na nne.”

 Eliwaza akainama, akakwangua ukingo wa sufuria kwa ukucha, pale krimu ya mwezi huu ilipogandia kama uji. Akakwangua na mwiko. Akapata kiasi cha kujaa ncha ya kidole, kidole kile kile kilichopona. Akamshika Nalompa kidevu na kumpaka juu ya pua, upande wa kushoto, pale pale palipong'aa. Kumbe na yeye alikuwa ameona.

Nalompa alifumba macho.

“Haya,” Eliwaza aliniambia. “Andika na hilo.”

Niliandika. Saa kumi na dakika ishirini, mabaki ya sufuria, kiasi cha ncha ya kidole, namba thelathini na nne, puani. Nikaiweka karatasi juu ya tyubu na kufunga boksi. Ndege ilipofika nililibeba mwenyewe.

5

Kesho yake saa mbili nilienda shambani.

Sikuwa na kazi zahanati, na kibali cha jua cha Nalompa kinaweza kutumiwa na mtu wa nyumba yake. Nilimwambia abaki ndani. Alibisha. Nikamwambia mimi ni mama yake na sijamaliza kuwa mama yake, akae ndani. Kisha nikachukua glovu yake ya manyoya iliyoning'inia mlangoni. Ilinibana.

Mstari wa Nalompa ni wa nne kutoka barabarani, mrefu, unapanda mpaka kwenye mawe. Maua yalikuwa yamefunguka, makubwa kama masinia, yote yanatazama upande ule jua linakotokea. Nilishika shina la kwanza kwa mkono mtupu. Nikapangusa. Nikahamia la pili. Sikuwa nimefanya kazi hii tangu nilipoenda chuo na nilikuwa mzito. Jua lilinikalia mgongoni mwa mkono kama pasi.

Kina mama walikuwa mistarini mwao. Hakuna aliyeniita. Nilisikia glovu zao zikipita kwenye maua, shwa, shwa, kwa mwendo ambao mimi sikuuweza. Nilihesabu kwamba mpaka saa tano ningefika nusu ya mstari, na maua ya juu yangepotea.

Nilikuwa kwenye shina la kumi na kitu niliposikia mtu anavunja majani nyuma yangu. Alikuwa Eliwaza, ametoka kwenye mstari wake.

“Ondoka hapo,” alisema.

“Ni mstari wa mwanangu.”

“Najua ni wa nani. Hapa mstari wa mgonjwa hauchukuliwi na mtu mmoja. Umesahau?” Akageuka na kupaza sauti kuelekea shambani. “Jamani, wa Nalompa. Mashina manne manne. Anasia, wewe anzia kwenye mawe.”

Walikuja. Waliingia kwenye mstari kutoka pande zote mbili, bado bila kunisalimia, kila mmoja akashika mashina yake, mkono mmoja una manyoya, mwingine mtupu juani. Bibi Ndalu mwenye kipele kwenye kope alisimama karibu nami, akaanza kupangusa. 

Eliwaza alinihesabia ya kwangu kwa kidole. Moja, mbili, tatu, nne.

“Haya ndiyo yako,” alisema. “Ukimaliza ingia kivulini.”